Koni Mbili na Mita Kumi

Vifaa vya kipimo hiki cha kutembea vinagharimu kidogo kuliko jozi ya viatu vya mitumba. Sakafuni huwekwa koni mbili za plastiki, mita 9 baina yake, ili mtu anayezizunguka awe ametembea mita 10 kila anapovuka upande. Pembeni kuna spika inayotoa mlio. Mlio wa kwanza ukilia, unaondoka. Wa pili ukulie ukiwa umeshafika kwenye koni ya pili. Wa tatu uwe umerudi ulikotoka. Mwanzoni ni mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Dakika ikipita milio inasogeleana, hatua zinabidi ziongezwe, na dakika ikipita tena zinaongezwa tena, hadi pumzi ikate au mlio ulie wakati koni bado iko mbali. Ngazi ziko 12, na anayezimaliza zote huwa ametembea mita 1,020. Mtu mwenye ugonjwa sugu wa mapafu hazimalizi. Muuguzi anaandika idadi ya mita, anamletea kiti, anamvalisha kidoleni kile kibanio cha kupima oksijeni, na kumwacha apumue.

Kipimo hiki kilitoka Leicester, Uingereza, ambako Sally Singh na wenzake walikichapisha mwaka 1992. Jina la mji huo halikuwa geni Kampala. Mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 wawe wameondoka Uganda, Halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasiende huko, kwa kuwa nyumba na shule zimejaa. Wakaenda kwa maelfu. Baadaye kutoka mji huohuo zikaja Hospitali ya Mulago, Kampala, zile koni mbili, safari hii bila tangazo lolote.

Zilikuja kwa ajili ya watu ambao hospitali ilikwisha kuwaaga. Mtu akipata kifua kikuu, akimeza dawa miezi sita bila kuruka, makohozi yakapimwa na vimelea visionekane, kitabu chake kinaandikwa kwamba amepona. Ni kweli amepona. Lakini kifua kikuu hakihami kama mpangaji mwema. Nyuma kinaacha makovu, mashimo, njia za hewa zilizotanuka na kulegea ambamo makohozi hutuama na kuoza, na pafu lisilotanuka kama zamani. Miaka inapita, mtu anakohoa, anahema akipanda ngazi, siku nyingine anatema damu. Akirudi zahanati, mara nyingi anaanzishiwa tena dawa za kifua kikuu, kwa sababu dalili ni zilezile na mashine ya kutofautisha iko mbali. Na akiwa mwuzaji sokoni, hali yake ni mbaya zaidi: kikohozi kikimshika mbele ya mteja, mteja anarudisha nguo kwenye rundo na kusogea meza ya jirani. Kampala wote wanajua akafuba, yaani kifua kikuu, ni nini. Anayejua kwamba kuna kikohozi kinachobaki baada ya akafuba kutibiwa, na kwamba hicho hakiambukizi, ni wa kutafutwa.

Taasisi ya Mapafu ya Chuo Kikuu cha Makerere, iliyoanzishwa mwaka 2015 na wakati huo ikiongozwa na Profesa Bruce Kirenga, ilishirikiana na Waingereza, akiwemo daktari Rupert Jones, kujaribu kwa watu hawa tiba isiyo na kidonge wala sindano: mazoezi yanayosimamiwa na mafunzo ya kuishi na mapafu mabovu, mara mbili kwa wiki, kwa wiki sita. Walioanza walikuwa 34. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Kwenye koni, wastani wa umbali ulipanda kutoka karibu mita 300 hadi zaidi ya 370. Maumivu ya kifua yalipungua, na kutema damu pia. Kwa asiyeumwa, mita 70 ni upana wa uwanja wa mpira. Kwa anayeumwa ni tofauti ya kufika chooni bila kusimama njiani.

Ila utafiti ule ulikuwa na upungufu mmoja, na walioufanya waliusema wenyewe: hapakuwa na kundi la kulinganisha. Wote 34 walipewa mazoezi. Huenda wangepata nafuu hata bila mazoezi, kwa kuwa wametazamwa, wameulizwa hali, wameitwa kwa majina, au kwa kuwa mtu hujitokeza utafitini siku anazoumwa zaidi, na siku za aina hiyo huwa hazidumu. Ndiyo maana likafuata jaribio jingine lililopangwa kwa kura, Kampala hapohapo, pamoja na wenzao wa Leicester. Na kura ndiyo inayotupeleka soko la Owino, kwa mtu anayeweza kupigiwa kura hiyo.

Soko hili lilianza mwaka 1971, mwaka ambao Amin alitwaa madaraka, kwenye bonde la Nakivubo, kati ya uwanja wa mpira na mfereji unaobeba maji machafu ya mji kuelekea ziwa Nyanza. Jina rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe, kwa heshima ya Joseph Mukasa Balikuddembe, mfia dini Mkatoliki aliyeuawa papo hapo Nakivubo tarehe 15 Novemba 1885. Hakuna anayelitumia jina hilo isipokuwa barua za serikali. Owino ni Owino. Limeungua, likajengwa, likaungua tena, na kila mara watu wamerudi na meza zao kabla majivu hayajapoa vizuri.

Ingia kwa upande wa mitumba, au mivumba kama wenyewe wanavyosema, asubuhi mabelo yanapokatwa. Waya ukikatwa, belo linafutuka, na kutoka ndani linapanda vumbi la nyuzi lenye harufu ya ghala, ya sabuni ya nchi nyingine na ya dawa ya nondo. Mwuzaji anainama juu yake na kuchambua kwa mikono miwili, uso wake sentimita chache kutoka kwenye vumbi lile. Hatua chache kutoka hapo mashine inasaga karanga. Pembeni yake mama mmoja ana sigiri tatu za makaa zinazowaka tangu alfajiri, matoke yakiiva ndani ya majani ya mgomba. Paa ni mabati na maturubai. Moshi ukishapanda hauna pa kwenda. Nje ni stendi za teksi, injini zikinguruma zikisubiri abiria wajae. Makerere wana mradi unaoitwa AirQo, ulioanza 2015, unaopima hewa ya Kampala kwa vifaa vidogo vilivyofungwa kwenye majengo na hata kwenye bodaboda. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba chembe laini za vumbi na moshi zisizidi, kwa wastani wa mwaka, maikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Kampala iko juu ya hapo mara kadhaa, na vifaa hivyo vingi viko nje barabarani, havijainama juu ya belo.

Tukitaka kujua moshi unawafanya nini watu wa Uganda, inabidi twende Masindi, ambako mwaka 2012 watafiti wa mradi wa FRESH AIR walipita kijiji kwa kijiji na mashine ya kupima mapafu kwa kupuliza. Kati ya watu 588 waliopuliza sawasawa, asilimia 16.2 walikuwa na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Katika vitabu vya Ulaya huo ni ugonjwa wa mzee aliyevuta sigara miaka 40. Masindi, karibu wanne katika kila kumi waliokutwa nao walikuwa na umri wa miaka 30 hadi 39, na wanawake waliugua kama wanaume. Asilimia 93 ya watu wote waliopimwa walikuwa wakiishi na moshi wa kuni na makaa.

Sasa tumchukue mwanamke wa Owino ambaye nimemtunga mimi, ingawa sokoni utakutana naye mara kumi kabla ya saa nne. Amezaa mapacha, kwa hiyo jina lake la kwanza limeshapotea. Kila mtu anamwita Nalongo. Anauza mashati ya watoto. Aliugua kifua kikuu miaka saba iliyopita, akameza dawa zote, akapona. Anakohoa. Jirani wa meza amemwambia kuna watu Mulago wanawatafuta wenye vifua vya namna hiyo, na nauli wanarudisha. Anapanda teksi.

Anachokutana nacho kwanza ni karatasi, na karatasi ni nyingi. Kabla hazijamfikia yeye zimeshapitishwa na kamati ya maadili ambayo lazima iwe na mjumbe mmoja angalau asiye daktari wala mtafiti, aliyeletwa kusoma kwa macho ya mtu wa kawaida. Zimeandikishwa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Na kama jaribio lingekuwa la dawa, Mamlaka ya Taifa ya Dawa nayo ingeweka mhuri. Mulago wana sababu ya kuwa makini na karatasi. Jaribio la dawa ya nevirapini lililofanyika hapo kuanzia 1997, lililoonyesha kwamba dozi moja kwa mama na moja kwa mtoto hupunguza karibu kwa nusu maambukizi ya virusi vya UKIMWI wakati wa uzazi, liliokoa watoto wengi duniani, kisha likaburuzwa miaka kadhaa Marekani kwa sababu ya namna kumbukumbu zilivyowekwa. Mwaka 2005 jopo la wataalamu huko Marekani likakubali kwamba matokeo yalikuwa sahihi. Tangu hapo kila mtu anatia sahihi kila kitu.

Muuguzi anamsomea Nalongo fomu ya ridhaa kwa lugha anayoielewa. Asiyejua kusoma huweka dole gumba, na shahidi asiye wa upande wa watafiti anakaa pembeni. Fomu inaeleza lengo, vipimo, hatari, faida, siri ya taarifa, na haki ya kuondoka siku yoyote bila kukosa matibabu yake ya kawaida. Inaposomwa vizuri inachukua muda mrefu kuliko misa fupi. Mwisho muuguzi anauliza kama kuna swali.

“Nimeelewa, musawo,” anasema Nalongo. “Mnanitibu au mnanipima?”

“Yote mawili, nnyabo. Ila sio wote watakaopewa mazoezi sasa. Kompyuta inapiga kura. Ukiangukia kundi la pili, utaendelea na huduma ya kawaida, nasi tutakupima vilevile.”

“Huduma ya kawaida ndiyo ipi?”

Hapo muuguzi mwaminifu anapumzika kidogo kabla ya kujibu. Kwa mgonjwa wa Leicester, huduma ya kawaida ina daktari wa familia, dawa ya kuvuta iliyolipiwa, na simu ya kupiga ukizidiwa. Kwa mgonjwa wa Owino, huduma ya kawaida mara nyingi ni duka la dawa, antibiotiki za siku tatu, na maji ya tangawizi. Kulinganisha mazoezi na hayo ni kulinganisha kitu na karibu hakuna kitu. Kisayansi haina kosa. Tena jibu linapatikana kwa haraka. Kiutu inauma, na majaribio mengi ya namna hii hujitahidi kupoza uchungu huo kwa kuwapa mazoezi watu wa kundi la pili mara utafiti unapoisha.

Watu wengi hawaipendi kura. Nalongo atahisi kwamba aliyepewa mazoezi amependelewa, au amemjua mtu. Mimi naiona kuwa ndiyo sehemu ya haki kuliko zote katika shughuli nzima. Uganda, kama kwetu kote, foleni zina watu wa mbele na watu wa nyuma, na wa mbele wana sababu zao. Kompyuta haina shemeji. Mwenyekiti wa soko na mchukuzi anayebeba mabelo mgongoni wana nafasi sawa kabisa ya kuangukia upande wowote, na hapo ndipo nguvu ya kura inapotoka: makundi mawili yanafanana kwa umri, kwa ugonjwa, kwa umaskini na kwa bahati mbaya ambazo hakuna aliyefikiria kuziuliza, kiasi kwamba wakitofautiana mwishoni, kilichowatofautisha ni mazoezi.

Kabla ya kura huja mashine ya kupuliza. Pua inabanwa kwa kibanio. Mdomo unafungwa kuzunguka kijibomba cha karatasi ngumu, midomo ikazwe hewa isivuje. Mpimaji anasema vuta, vuta, vuta, jaza mpaka mwisho, halafu anapaza sauti kama kondakta wa teksi: puliza! puliza! endelea, endelea, usiache! Sekunde sita, wakati mwingine zaidi, mpaka macho yatoke machozi. Kisha mara ya pili. Kisha ya tatu. Zikitofautiana sana, ya nne, na zinaweza kufika nane. Baadaye anapewa salbutamoli ya kuvuta, anakaa kwenye benchi dakika 15, na anapuliza tena upya, ili ijulikane kama njia za hewa zinafunguka kwa dawa, kama ilivyo kawaida ya pumu, au zimeziba moja kwa moja.

Mwongozo unasema nguo ya kubana ilegezwe. Nalongo amevaa gomesi, kwa sababu anakwenda hospitali na hospitali ni mahali pa kuheshimiwa. Gomesi inafungwa kiunoni kwa mshipi mpana, na ukifungwa vizuri, kama mwanamke mwenye adabu anavyoufunga, tumbo halina nafasi ya kutanuka. Mpimaji asiyeona hilo ataandika pafu dogo kuliko lilivyo. Mpimaji Mganda ataona, ataita mwanamke mwenzake, wataingia nyuma ya pazia, mshipi utalegezwa, na namba itapanda. Ukipima mapafu ya watu usijue wanavyovaa, unapima mshipi.

Namba nayo ina makuu yake. Mashine ya kupuliza ya John Hutchinson, aliyechapisha kazi yake London mwaka 1846, ilivuka bahari na kufika Marekani ya watumwa. Huko ikapata kazi nyingine. Wenye mashamba na madaktari wao walitaka kusikia kwamba mapafu ya mtu mweusi ni madogo kwa asili, na namba zikapatikana za kusema hivyo, bila kuuliza watu hao wamekula nini, wamelala wapi, wamevuta vumbi gani. Imani hiyo ikaingia ndani ya mashine zenyewe. Hadi juzi mpimaji alichagua rangi ya mgonjwa kwenye skrini, na ukichagua mweusi, mashine ilipunguza kwa asilimia 10 hadi 15 kiasi cha hewa inachokitarajia kutoka kwa mtu mzima asiyeumwa. Maana yake, pafu lililoharibika kweli liliweza kuhesabiwa kuwa zima: kwa Mwafrika, hilo ndilo lake. Mwaka 2022 ilitolewa hesabu moja ya watu wote, na vyama vikubwa vya madaktari wa mapafu vya Marekani na Ulaya vikashauri itumike. Nani anaingia kwenye jaribio na nani anarudishwa nyumbani akiambiwa haumwi, mara nyingi hutegemea hesabu ipi imewekwa kwenye mashine. Hili fomu ya ridhaa hailigusi, na sidhani kama Nalongo angelala usingizi bora kwa kulijua.

Kinachomnyima usingizi ni asubuhi. Huko Nairobi, soko la Gikomba, nguo bora za juu ya belo huitwa kamera, na Owino mambo ni yaleyale hata kama jina ni jingine: belo likikatwa alfajiri, wateja wa maduka ya mjini wamekwisha kusimama pale, wanachukua zile zisizo na doa, zenye vifungo vyote, na kulipa bei nzuri papo hapo. Kufikia saa nne zimebaki za kawaida. Kufikia saa nane ni za kurushwa kwenye rundo na kuuzwa kwa kupiga kelele. Mfanyabiashara anarudisha pesa ya belo asubuhi; mchana anatafuta chakula. Kliniki ya utafiti nayo hufanya kazi asubuhi. Mara mbili kwa wiki, wiki sita, ni asubuhi kumi na mbili bila nguo za kwanza. Nauli inarudishwa, soda na chapati vinatolewa, na miongozo ya Uganda inataka mshiriki alipwe kwa muda wake, lakini hakuna kamati ya maadili iliyowahi kukaa ikapiga bei ya kamera. Wanaogopa, na wana hoja, kwamba ukimlipa maskini sana atakubali chochote. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko hoja ya upande wa pili: kwamba ukimlipa kidogo sana, watakaobaki kwenye utafiti ni wale tu wasio na belo la kukata, na matokeo yatakuwa ya watu wasio na kazi.

Dawa ya hilo haihitaji fedha za wafadhili. Kliniki ifunguliwe saa tisa alasiri. Au mazoezi yafuate watu: kutembea kwa mwendo unaoongezwa kidogo kidogo, kupanda na kushuka ngazi moja, kunyanyua chupa zilizojazwa mchanga, kujifunza kutoa hewa taratibu kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza moto. Hakuna kati ya hayo kinachohitaji kilima cha Mulago. Uwanja wa Nakivubo uko ng'ambo ya barabara.

Na hapa ndipo napendelea jaribio la mazoezi kuliko majaribio mengi ya dawa, kwa sababu isiyo ya kitabibu. Mshiriki wa jaribio la dawa ya kuvuta, hasa ile yenye dawa mbili ndani, hupumua vizuri mwaka mzima, kisha siku ya mwisho anarudisha kopo. Tamko la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia walilipitisha kwa mara ya kwanza mwaka 1964 na kulirekebisha mara kadhaa hadi 2024, linataka mipango ya baada ya jaribio ifikiriwe kabla halijaanza: nani atatoa dawa iliyoonekana kusaidia, na kwa nani. Katika nchi ambayo hospitali nyingi za umma zina salbutamoli leo na kesho hazina, na dawa za kuvuta za kuzuia hununuliwa duka la binafsi kwa pesa ya chakula cha wiki, sharti hilo huwa aya nzuri iliyoandikwa vizuri. Mazoezi hayarudishwi. Kampuni haiwezi kuyafuata. Mguu uliopata nguvu unarudi nao sokoni, na ukiacha kuutumia utalegea, lakini huo ni uamuzi wako.

Sisemi kwamba mazoezi yanatosha. Nalongo mwenye miguu imara bado atainama juu ya belo na kuvuta moshi wa sigiri ya jirani, na hapa kuna jaribio la Malawi ambalo kila mwenye dawa rahisi ya moshi angepaswa kulikariri. Kati ya 2013 na 2016 watafiti walipiga kura kwa vijiji: nusu vikapewa majiko mawili bora kwa kila nyumba, yenye feni ndogo inayochajiwa kwa jua, nusu vikaendelea kupikia moto wa wazi. Watoto waliofuatiliwa walizidi 10,000. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Lancet, na jibu lilikuwa hapana: homa ya mapafu haikupungua. Nyumba zilipata majiko, lakini takataka ziliendelea kuchomwa, majirani waliendelea kupika, barabara za vumbi zilibaki za vumbi, na majiko yenyewe yaliharibika. Wafadhili walihuzunika. Mimi nalihesabu kuwa jaribio lililofaulu kuliko mengi, kwa kuwa liliwaepusha watu wengine kutumia miaka kumi na mamilioni ya dola kugawa kitu kisichofanya kazi. Na kwa Owino liko wazi: kumbadilishia mama mmoja sigiri chini ya paa lenye sigiri mia ni kupoteza sigiri.

Jibu la hapana halina mwenyewe. Jibu la ndiyo linaandikiwa makala, linapelekwa mkutanoni Paris au Cape Town, linaonyeshwa kwa picha za watu wakitabasamu kando ya koni. Mshiriki mara nyingi hapati lolote kati ya hayo mawili. Amepuliza, ametembea mita zake, amejibu maswali ya jinsi anavyolala na jinsi anavyopanda ngazi, akapewa asante na nauli. Hata kundi lake wakati mwingine anabaki akilikisia.

Masoko ya Kampala yana spika, zile ebizindaalo zilizofungwa juu ya nguzo, ambazo mtangazaji wake anajua kila mtu na kila deni. Zinatangaza mtoto aliyepotea, mazishi, siku ya mwisho ya ushuru, bei ya nyanya. Ningependa matokeo ya jaribio lolote lililochukua watu Owino yasomwe humo asubuhi moja, kwa Kiganda na kwa Kiswahili cha soko, dakika mbili, kati ya tangazo la mazishi na la nyanya: tuliwapima wangapi, nani alitembea zaidi, dawa gani haikusaidia, mazoezi yanafanyika wapi na siku gani. Mtangazaji ataombwa arudie. Kisha wauza mashati wataanza kupiga kelele kutoka kwenye meza zao, na swali la kwanza litakuwa kama saa za kliniki zinaweza kusogezwa mchana, belo likishakatwa.